Ute wa Yai

Kwa muda mrefu nililala vibaya kwa sababu moja: sikujua kama nimwambie mama wa nyumba ya jirani ampe mwanawe mayai na samaki. Nikiliandika sasa linaonekana jambo dogo, la kusema ukiwa unapita na kuendelea na njia yako. Lakini kila nilipojinyoosha kwenye mkeka, swali lilijipanga upya. Kama ninachokijua ni kweli na nikanyamaza, mtoto atakufa nami nimekaa na jibu mdomoni. Kama si kweli na nikasema, mtoto atakufa akiwa amekula kwa neno langu, na mimi ni mgeni. Na kama ni kweli nusu, je? Hapo ndipo nilipokuwa nikiinuka na kukaa.

Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu cha misheni huko juu milimani, si mbali na boma la Wajerumani. Wenzangu wengi walipewa shule za kwao, kwenye migomba na ng'ombe. Mimi nilitumwa chini kabisa, ufukweni mwa ziwa, upande wa mashariki ya Itungi, kwa Wakisi, ambako wanaume huvua samaki na wanawake hufinyanga vyungu. Milima huko imeshuka mpaka karibu kugusa maji. Kati ya mlima na ziwa pana nafasi ya nyumba, ya nyavu, na ya mashimo ya udongo, basi. Ng'ombe hana pa kusimama. Nilipofika nilitafuta kwa macho mahali pa kuchunga, kama mtu anavyotafuta uso anaoujua kwenye mkusanyiko, nikakosa.

Sisi Wanyakyusa wa juu hatukulelewa kula peke yetu. Tukiwa wavulana tulijijengea vibanda vyetu, kijiji chetu wenyewe mbali kidogo na baba zetu, na saa ya kula tulikwenda kundi zima nyumbani kwa mama wa mmoja wetu, kesho kwa mama wa mwingine. Chakula kilikuwa kelele. Ukichelewa unakuta sahani inang'aa. Chuoni pia tulikula kwenye meza ndefu, tukigombea maharagwe ya chini ya chungu. Kwa hiyo siku ya kwanza ufukweni, mama wa nyumba ya jirani aliponiletea ndizi zilizopondwa na akaondoka, nilikaa nazo nikitazama mlango. Nilidhani kuna mtu anakuja.

Hakuja mtu. Pale wanaume walikula pamoja kwa wavu: waliovuta wavu mmoja walikula sahani moja, pale pale mchangani. Mimi sikuwa na wavu. Hawakunifukuza, wala mimi sikuomba. Siku moja nilipita karibu nao wakati wa chakula, polepole, kwa makusudi. Mmoja akasema, "Mwalimu, karibu," nami nikajibu haraka, "Asanteni, nimeshiba," kwa sababu niliogopa kwamba amesema kwa adabu tu. Nikatembea mpaka mwisho wa ufukwe kana kwamba nina shughuli huko. Halafu ikabidi nirudi, na njia ilikuwa ile ile moja, nikawapita tena.

Nilianza kukonda. Wanawake waliokuwa wakisugua vyungu chini ya ukingo wa paa waliona kabla yangu.

"Mwalimu, unaisha," alisema mmoja, akilainisha shingo ya chungu kwa gunzi la mahindi. "Ukiingia kwenye mtumbwi tutakudhania kasia."

"Aoe," akasema mwingine. "Nani atampikia huyu, hiyo chaki?"

Wakacheka, nami nikacheka, lakini nilikwenda nyumbani nikajipima mkono kwa vidole. Hapo ndipo lile somo liliponirudia.

Chuoni, mwalimu wetu Mzungu alikuwa amepasua yai kwenye bakuli mbele yetu. Ule ute ulikuwa mwepesi kama maji. Akauweka juu ya moto, ukageuka mweupe, ukashikamana. Akasema kitu cha namna ile kimo ndani ya nyama, ndani ya maziwa, ndani ya samaki, hata ndani ya maharagwe, na kimo ndani yetu sisi wenyewe. Mikono yetu imetengenezwa kwacho, na moyo, na nywele. Lugha yao ilikiita kwa jina la weupe wa yai. Ndizi na mahindi, alisema, ni kuni: mwili unazichoma upate joto na nguvu ya kulima. Lakini nyumba haijengwi kwa kuni za jikoni. Mwili unabomoka kidogo kila siku na unajengwa kidogo kila siku, na kazi ya kujenga inafanywa na hicho kingine. Mkubwa akikikosa anadhoofika. Mtoto akikikosa haongezeki, kwa sababu mtoto ni nyumba ambayo bado haijafika paa. Kipindi kilipokwisha tuligombania lile yai.

Basi nikafikiri: mimi hapa naletewa kuni tupu, ndizi na uji wa mahindi, kwa sababu samaki wa nyumba ile waligawanywa kwenye wavu na mimi sina wavu. Ninabomoka na sijengwi. Nilikuwa nimetoka nyumbani na fungu la chumvi. Nikabadilishana chumvi kwa mayai na mama mmoja wa kijiji cha pili, nikayachemsha ndani ya nyumba, mlango nimeufunga.

Kwa nini niliufunga? Kwa sababu kwetu na kwao mtu mzima hakai akala mayai. Mayai ni vifaranga vya kesho. Nilikuwa kama nawasikia tayari wanafunzi wangu wakiimba kwamba mwalimu anawanyang'anya kuku watoto wao. Maganda niliyafukia nyuma ya nyumba, nikayakanyaga, nikaweka majani juu. Nilifanya hivyo mara nyingi, na kila mara nilijisikia mpweke zaidi kuliko nilivyokuwa kabla ya kula. Mikono ikaongezeka nyama kidogo. Nikasema, basi, somo ni kweli. Kisha nikasema, au ni kwa sababu mvua imekatika na nimeacha kukohoa?

Sasa nieleze kuhusu mtoto.

Alikuwa binti wa yule mama aliyeniletea chakula. Nilipofika alikuwa bado ananyonya, mnene, ananitupia mchanga nikipita. Kisha mama yake akapata mimba nyingine, akamwachisha ziwa, akaanza kumlisha uji mwepesi na ndizi. Mdogo wake alipozaliwa, huyu mkubwa alikuwa ameacha kutupa mchanga. Alikaa mahali alipowekwa. Nyayo zikamvimba, ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Uso ukawa wa duara lakini si wa afya. Nywele zake, zilizokuwa nyeusi, zikageuka rangi ya majani makavu, zikawa zinang'oka. Na alikuwa na huzuni ya mtu mzima. Mtoto wa umri ule hujui kama anaweza kuwa na huzuni namna ile mpaka uione.

Aliwekwa kando ya uchanja ambako usipa walianikwa. Samaki wale wadogo waling'aa juani mbele ya macho yake siku nzima, na hakupewa hata mmoja. Nyumba ile ilikuwa na sheria yake: mtoto hali samaki mpaka aweze kuutoa mwiba mdomoni kwa mkono wake mwenyewe. Sheria ilikuwa ya bibi, mama wa baba wa mtoto. Zamani alikuwa na mwana wa kwanza, akakwamwa na mwiba kooni akafa mikononi mwake. Tangu siku hiyo mtoto mdogo na samaki hawakukutana katika nyumba yake. Na kwake usipa walikuwa samaki kama samaki wengine, ingawa mwiba wa usipa hauwezi kumdhuru hata kifaranga.

Kijiji kilikwisha kujua ugonjwa wenyewe. Walisema mtoto amebemendwa: mama amebeba mimba nyingine kabla ya wakati, maziwa yake yakamharibu yule wa kwanza. Yaani kosa ni la mama. Hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kukaa karibu naye wakati wa kufinyanga. Alikuwa akikanda udongo wake mwisho wa safu, peke yake, mtoto mchanga mgongoni, na yule mwingine amekaa mbele yake kama chungu ambacho hakijakauka. Nilimtazama nikifikiri kwamba katika ufukwe wote ule wapweke ni wawili. Lakini sikumwambia hata hilo.

Siku moja aliniletea chakula na hakuondoka.

"Mwalimu."

"Naam, juba." Kwetu ndivyo tunavyomwita mama.

"Vitabu vyenu vinasemaje kuhusu mtoto huyu?"

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa nalo lote, tangu bakuli mpaka moto. Nikafikiri: Mzungu hakusema habari ya nyayo kuvimba. Hakusema habari ya nywele. Labda huu ni ugonjwa mwingine kabisa, wa minyoo, wa figo. Huko milimani nilimjua mtoto aliyekunywa maziwa kila siku na akafa vilevile. Na nikimwambia ampe samaki, ninamgombanisha na mkwewe, ambaye tayari anamtazama vibaya. Na yule bibi atauliza: wewe nani kakwambia?

"Sijui, juba," nikasema. "Mimi si mganga."

"Ndaga," akasema. Asante. Akachukua sahani ya jana, akaenda.

Hilo "ndaga" lilinikaa masikioni. Lilikuwa la kweli. Alikuwa ananishukuru kwa kumjibu.

Baada ya hapo kuku wakafanya kazi yao. Niliporudi kutoka shuleni mchana mmoja nilikuta kwenye kizingiti changu kigae cha chungu kilichovunjika, na ndani yake maganda ya mayai, meusi kwa udongo, mengi kuliko nilivyodhani nimekula. Yamepangwa vizuri. Bibi alikuwa amesimama uani kwake, mikono nyuma.

"Kuku wetu wamefukua kitu," alisema. "Nikasema nimrudishie mwenyewe."

Mwanawe, baba wa mtoto, alikuwa anaparua mtumbwi. Alisema bila kuinua kichwa, "Labda mwalimu anataga, mama. Anaona haya kutuambia."

Mtu mmoja akacheka, kisha akaacha.

"Yai si kitu cha kufukia," bibi akaendelea, kwa upole ambao uliniogofya kuliko kelele. "Maganda unayatupa tu. Anayefukia ni yule ambaye hataki ijulikane anakula nini. Sasa nauliza tu, baba. Mbali na mayai, unakula nini kingine?"

Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa, lakini wa mbali asipotee: huku kwetu, na kwa Wakisi vilevile, inasemekana wapo watu ambao tumboni mwao mna chatu. Chatu huyo anatamani vinono, nyama na maziwa, na asipopata vya nje anakula vya ndani ya watu wengine, wakiwa wamelala. Unamtambua mtu huyo kwa tabia zake. Hapendi kula na wenzake. Anafunga mlango. Ananenepa wakati jirani anakwisha. Nilikuwa nimefanya yote matatu, na nimeyafanya kwa kutii somo la afya.

Kesho yake wanafunzi waliokuja walikuwa wachache, na walikaa nyuma.

Nilifikiri kuondoka. Nilifikiri kupanda milimani kwenda kumwuliza yule Mzungu kuhusu nyayo na nywele, nirudi na neno la uhakika. Lakini kama nikiondoka sasa, watasema amekimbia ameshiba. Na nikisema habari ya chakula sasa, baada ya maganda, watasema mla watoto anafundisha jinsi ya kuwanonesha. Nilijilaumu kwa kuwa sikusema siku ile ya "ndaga", wakati neno langu lilikuwa bado safi. Halafu nikajiuliza kama lingekuwa safi kweli, kwa kuwa hata siku ile nilikuwa na maganda ardhini. Unaweza kukaa ndani ya mawazo kama hayo mpaka jua lizame, ukidhani unafanya kazi.

Kilichonitoa ndani yake ni mtumbwi. Mchana mmoja niliona baba wa mtoto anauvuta kwenye maji, na mkewe amesimama pembeni na mzigo wake: mkeka, sufuria moja, na vyungu vichache vya kubadilishana njiani. Mtoto mchanga mgongoni. Yule mwingine alikuwa amelazwa mchangani, macho wazi, nzi usoni, hawafukuzi.

Nikauliza wanakokwenda.

"Kwao," akasema mume. Hakuwa mtu mbaya. Sauti yake ilikuwa imechoka. "Wazee wamesema arudi kwa baba yake mpaka jambo hili liishe. Kama ni maziwa yake, au kama ni jirani, huko atakuwa mbali na yote mawili."

Alisema "jirani" akinitazama. Kisha akasema watakwenda jua likipungua ukali, kwa sababu ya mtoto.

Kwao ilikuwa juu ya mlima. Mtumbwi ungewafikisha nusu tu, na kutoka hapo mama angepanda kwa miguu na watoto wawili, mmoja asiyeweza kusimama. Nilimtazama yule mtoto. Nikajiona ninaanza tena: kama ni minyoo, kama ni figo, kama yai litamkaba, kama atakufa leo hii na mkono wangu ukiwa mdomoni mwake. Yote yalikuwa yanawezekana. Nilingoja yaishe ili nipate nafasi ya kuamua, na nikaelewa kwamba hayataisha. Nikaamua yakiwa bado yanasema.

Niliingia ndani nikachukua chungu changu, mayai niliyokuwa nayo, na chumvi iliyobaki. Nikaacha mlango wazi. Nikavuka uani kwa bibi, mchana kweupe, mbele ya wanawake wote wa vyungu, nikapiga magoti kando ya jiko lake la nje.

"Naomba moto, bibi," nikasema. "Na ninaomba usipa, kiganja kimoja."

Kazi ya udongo ikasimama safu nzima.

"Wa nini?"

"Nataka kula hapa. Pamoja na huyu mtoto. Sahani moja."

"Ee!" akasema mwanamke mmoja. "Amekuja kummalizia mbele ya watu."

"Mwache," akasema mama wa mtoto. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akisema neno mbele ya mkwewe.

Bibi hakutoa moto wala hakunikataza. Nikaweka chungu mwenyewe. Yai moja likaniponyoka, likapasukia mchangani na mbwa akalifikia kabla yangu. Wakacheka, na safari hii kicheko kilikuwa cha kawaida. Nikaeleza nikiwa nachochea moto. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati. Nilisema mayai niliyakula mimi, kwa sababu nilikuwa nakonda, nikafunga mlango kwa haya. Nilisema ndani ya yai na ndani ya samaki kuna kitu kinachojenga mwili, na ndizi hazinacho cha kutosha, na maziwa ya mama yalikuwa nacho, na mtoto alipoachishwa hakuna kilichochukua nafasi yake. Nilisema sina hakika kwamba ndiyo dawa ya uvimbe huu. Sikufundishwa hilo. "Lakini si mimba iliyomla," nikasema, "na si mimi. Nafikiri ni njaa, bibi. Njaa ya aina moja tu, mtu akiwa ameshiba."

"Njaa!" akasema bibi. "Mtoto huyu anakula ndizi mpaka anazitema. Unataka kusema nimemnyima mjukuu wangu?"

"Nasema ulimwogopea mwiba."

Nilidhani nimeharibu kila kitu.

Kisha bibi akainama, akachota usipa kwenye uchanja, akakaa chini kwenye kigoda, akaanza kuwapasua mmoja mmoja kwa ukucha wa kidole gumba. Alitoa vichwa. Alitoa uti wa mgongo, ule uzi mwembamba, akauinua kwenye mwanga, akautupa. Alifanya hivyo kwa kila samaki, na hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba si lazima. Nikawasaga pamoja na yai lililochemka na kipande cha ndizi na mchuzi kidogo, mpaka ikawa laini kama udongo wao ulio tayari.

Mama akamketisha mtoto mapajani. Nikala mimi kwanza, nikameza, nikafungua mdomo waone. Baba wa mtoto alikuwa ameacha mtumbwi nusu majini, amekuja kusimama nyuma yangu. Nikamega tonge dogo, nikalielekeza kwenye midomo ya yule mtoto, na hata hapo, naungama, niliwaza figo.

"Subiri," bibi akasema, akanishika mkono. "La moto hilo. Mpulizie kwanza."

Nikapuliza, nikampa.